Macho Mekundu ya Mwezi wa Nane

Mwanangu Swaleh,

Salamu utazipata asubuhi kwa mdomo wangu, na dua atakusomea babako pale mlangoni, kwa hivyo hapa siandiki salamu wala dua. Umelala. Nimepita chumbani kwako nikasimama kidogo, nimekusikia ukipumua vizuri, kifua hakina filimbi, nikarudi jikoni kukaa na kalamu. Keshokutwa utaamkia chuoni Kitale, na mimi nitaamka hapa Sabaki nikaite jina lako kwa mazoea.

Mambo ya kula, ya kufua, ya kuswali kwa wakati, nimekwambia wiki nzima mpaka jana ukanijibu, "Mama, si nimesikia!" Haya, umesikia. Sitayarudia. Nataka kukuandikia juu ya ule mwezi wa nane ulipokuwa kidato cha pili. Tangu wakati ule hatujautaja, si wewe si mimi. Babako alianza siku moja tukiwa tunakula, nikamkata kauli nikamwambia apitishe chumvi. Mimi mwanamke wa maneno, mtaa mzima wajua, lakini neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Usiku wa leo nalitoa.

Lazima nianze na mjombako Bakari, maana bila yeye hutanielewa. Wewe umemjua kwa picha tu, ile ya ukutani amevaa kanzu na anacheka. Alikuwa kitinda mimba wetu, na mtoto mzuri, usidhani vingine. Alipofika umri kama wako alianza kutokwa na kamasi. Kila asubuhi chafya, machozi, kujikuna mikono, miayo isiyoisha. Bibi yako akawa anasema, "Mwanangu ana mafua." Alikuwa akimchemshia tangawizi na ndimu, akimsugua kifua. Sisi nasi tukaitikia, mafua, mafua. Mafua ya mwaka mzima, jamani! Kisha redio ikapotea. Kisha sufuria. Kisha bangili zangu za harusi. Alipotokea jirani wa kutamka neno unga mbele yetu, Bakari alikuwa halali tena nyumbani. Hayakuwa mafua. Ilikuwa arosto, ule ugonjwa wa mtu aliyeikosa dawa yake ya kulevya. Tulimzika hajaoa, na siku ya matanga niliapa moyoni kwamba katika nyumba yangu mimi hakuna mtoto atakayeniambia ana mafua nikamwamini tu.

Sasa uje wewe.

Ulipokuwa mdogo, kila mwaka mvua kubwa zikishapita ulikuwa ukijifikicha macho mpaka yanavimba. Nilisema ni jicho la watu. Nikakufukiza ubani chini ya shuka, ukakohoa mpaka ukatapika, na mimi nikamwambia babako kwa furaha, "Unaona? Hasidi anatoka." Astaghfirullah. Nilikuwa nakuongezea moshi juu ya ugonjwa. Lakini ule ulikuwa ujinga wa kawaida, na ujinga wa kawaida hauninyimi usingizi.

Kisha ukaenda shule ya bweni Kaloleni. Mwaka wa kwanza ulirudi likizo ya mwezi wa nane umenawiri, mashavu yamejaa. Hata wiki haikuisha, macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekesha, pua maji matupu, chafya moja juu ya nyingine. Ulipofunga safari ya kurudi shule, yote yakaisha. Mwaka wa pili vile vile. Nilimpigia simu mwalimu wako, akaniambia, "Hapana, mama Swaleh, huku yuko salama kabisa. Hata mafua hana." Mama mwingine angeshukuru. Mimi nilikaa kitako nikafikiri: shuleni mzima, nyumbani mgonjwa. Basi anachokipata anakipata hapa hapa. Nikawatazama wale rafiki zako wa kijiweni, nikaanza kuwahesabu mmoja mmoja.

Ngoja nikwambie jambo nililolijua baadaye, ambalo ndilo hasa nililokaa kukuandikia. Nilichukua yale yanayofanana na Bakari nikayaweka pamoja, na yasiyofanana nikayatupa. Bakari alikuwa hali. Wewe ulikuwa unamaliza wali na kuuliza ukoko. Bakari tumbo lilikuwa likimsokota. Wewe hukuwahi kulalamika tumbo. Nyumbani hakikupotea hata kijiko. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, nikayapita. Niliangalia pua na macho tu. Na hata hayo macho, Swaleh, sikukuuliza swali dogo ambalo mama angepaswa kuuliza: yanauma, au yanawasha?

Nawe ukaona ninavyokutazama. Mtoto huona. Ukajifunza kupiga chafya kimya kimya, umebana pua kwa vidole, mabega yanaruka bila sauti. Ukawa unanawa uso bombani kabla ya kuingia sebuleni. Nilikuwa nakuona kupitia dirisha la jikoni, na badala ya kusema mtoto wangu anaumwa na ananiogopa, nilisema, aha, anaficha.

Siku ile nilikuta kikaratasi mfukoni mwa suruali yako. Ndani yake vidonge vidogo vya manjano, havina jina, na wewe ulikuwa umelala mchana kutwa kichwa kinaning'inia kando ya kiti, mate yanatoka. Nilikuamsha kwa kukutikisa. Nikakuuliza, "Hivi ni nini?" Ukaniambia, kwa ulimi mzito, "Ni vya mafua, Mama. Nimenunua duka la dawa."

Ungesema neno lolote lingine duniani. Lakini ulisema mafua, na mimi nikamsikia bibi yako, nikanusa tangawizi na ndimu.

Sikukupiga. Babako alikuwa safarini amepeleka mzigo wa boriti Kilifi, na labda angekuwapo angenishika mkono. Nilikuingiza kile chumba cha uani, nikapiga kufuli, ufunguo mmoja nikaufungia kwenye pindo la kanga, wa pili nikautia chini ya godoro langu. Nikakwambia kupitia mlango, "Utakaa humo mpaka ikutoke." Mchelea mwana kulia hulia yeye: hilo ndilo nililokuwa najiambia nikienda na kurudi na sahani. Joto lilikuwa jingi, ukafungua dirisha. Dirisha lile, kama ujuavyo, linatazama shamba la mivinje la babako, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka huko usiku na mchana.

Hali ikazidi. Kila ilipozidi, mimi nilisema, ndiyo, arosto imeshika, ni lazima ipite. Alasiri ya siku iliyofuata ukagonga. Ukasema, "Mama, sipati pumzi."

Nikakujibu, "Hata Bakari alisema hivyo."

Nimeliandika neno hilo kwa sababu najua wewe hujalisahau. Uligonga tena, halafu hukugonga. Nami nilikaa pale nje kwenye kibao cha mbuzi, nikikuna nazi, nikishukuru kwamba umetulia.

Babako aliporudi aliuliza, "Swaleh yuko wapi?" Nikamwonyesha mlango kwa kidevu. Akatega sikio, na sijawahi kumwona uso ule, wala nisiuone tena. "Ufunguo!" Nikashika pindo la kanga. Fundo nilikuwa nimelikaza makusudi, na vidole vyangu vikakataa kazi. Akalifungua kwa meno yake. Tulikukuta umekaa chini umeegemea kitanda, mabega juu, midomo imegeuka rangi, na kifua kinapiga filimbi kama birika.

Hospitalini Malindi walikuvika kile kibarakoa cha mvuke wa dawa. Ukaanza kurudi kidogo kidogo. Na mimi, badala ya kukushika mguu nikalia kama mama, nilimwambia yule daktari mwanamke mbele yako, "Mpimeni mkojo. Anatumia unga." Ulikuwa huwezi kusema kwa ajili ya kile kibarakoa. Ulinitazama, kisha ukageuza uso ukutani. Swaleh, mengine yote naweza kuyasemea kwamba nilikuwa naogopa. Hilo la kukutangaza mbele ya watu ukiwa huna hata pumzi ya kujitetea, sina la kulisemea. Nisamehe, mwanangu. Sikukuomba wakati ule kwa sababu nilidhani nikikupikia unachokipenda utakuwa umenielewa. Naomba sasa.

Walikupima. Hapakuwa na kitu.

Daktari alikuja akavuta kiti. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali ya polisi, lakini yeye aliuliza ya kawaida tu. "Hali hii humjia lini?" Mwezi wa nane. "Wapi?" Nyumbani. "Shuleni?" Hapana. "Ana homa? Mwili unamuuma?" Nikamtazama babako, babako akanitazama, hatujui. Akakuuliza wewe, ukatikisa kichwa. "Macho yanawasha? Na huku juu kooni, mpaka unajikuna kwa ulimi?" Ukaitikia kwa kichwa haraka haraka, na machozi yakakutoka, kwa sababu mtu amekuuliza.

"Nyumbani kuna nini mwezi wa nane ambacho Kaloleni hakuna?" akauliza.

"Rafiki zake," nikasema mimi. Hata pale bado!

"Mama, rafiki hawampigishi mtu chafya hivi. Kuna miti gani?"

Babako akasema, "Mivinje." Kisha akajitazama begani. Shati lake lilikuwa na lile vumbi la rangi ya kutu, vumbi la maua ya mivinje ambalo humwangukia kila anapofanya kazi humo shambani na ambalo mimi nimelifua miaka yote nikidhani ni uchafu wa maganda. Daktari akatueleza kwamba hiyo ndiyo chavua, kwamba miti ya namna ile humwaga chavua upeponi, na mwili wako unapigana nayo kana kwamba ni adui. Aleji. Ikianza puani na machoni ikaachwa, hushuka kifuani. Na vile vidonge vya manjano vilikuwa dawa ya aleji kweli, vile vya bei ndogo vinavyoleta usingizi. Ulikuwa umejitafutia dawa yako peke yako, mtoto wa kidato cha pili, na kwa sababu ya dawa hiyo nikakufungia.

Babako alitaka kukata mti kwa mti, shamba lote. Mivinje ile aliipanda mwaka uliozaliwa, akasema hii itamsomesha. Daktari akamwambia hata akikata yake, ya majirani iko mpaka mtoni, na upepo haujui mpaka wa shamba la mtu. Basi akakata safu zile za dirishani tu. Na kweli imekusomesha. Karo yako ya Kitale imetoka humo humo. Mimi siwezi kuilaani miti ile, na siwezi kuitazama.

Tangu hapo ulikuwa unajua mwenyewe la kufanya, na mimi nilijifunza nyuma yako. Kwamba dawa huanzwa kabla ya msimu, si mpaka pua imekwisha kuwa bomba. Kwamba dirisha hufungwa upepo ukivuma, nguo zako hazianikwi nje, na kichwa huoshwa kabla ya kulala ili usilale na chavua kwenye mto. Babako, huyo mtu asiyependa kuambiwa, alianza kuoga uani na kubadilisha shati kabla hajakupa mkono. Ulikuwa hujui kwa nini anachelewa kuja kukusalimu. Alikuwa anajisugua.

Sasa unakwenda mahali ambapo sijui miti yake. Watu wanasema Kitale mahindi ni upande mpaka upande, na nyasi, na mimea nisiyoijua jina. Yakichanua sijui kama yatakudhuru au yatakuacha. Pengine huko ndiko utakakopona kabisa. Pengine utapata msimu mwingine, mwezi mwingine. Mimi sitakuwapo kukuuliza, wala sikuwa hodari wa kuuliza. Jiulize mwenyewe maswali ya yule daktari: lini, wapi, na nini kimechanua. Mafua huja na homa, yakakuchosha mwili, yakaenda zake. Hii haina homa, huwasha, na hukaa muda ule ule yanaokaa maua. Na ukisikia filimbi kifuani, vuta pampu yako ya dawa ya pumzi, na isipokusaidia usingoje kuche, usingoje mtu akuamini. Nenda hospitali, hata kwa kukopa nauli kwa mtu usiyemjua. Hilo moja nakuamrisha, nisamehe.

Huko vile vile watakuwapo wenye macho kama yangu. Wataona macho mekundu na pua inayotiririka, wakajua wewe ni kijana wa Malindi, wakaunganisha na unga. Nakuomba usijifiche. Usiende kunawa uso gizani kama ulivyokuwa ukifanya bombani kwetu. Mwambie unayelala naye chumba kimoja tangu siku ya kwanza: mimi nina aleji, na pampu yangu iko hapa. Piga chafya kwa sauti, baba. Piga mpaka mtaa wa pili wasikie. Nyumba hii iliukosa mlio huo likizo nzima kwa sababu yangu.

Na ukimwona mwenzako anatokwa na kamasi na kujikuna, usikimbilie kusema ni mafua, wala usikimbilie kusema ni unga. Bibi yako alikimbilia moja, mimi nikakimbilia la pili, na kati yetu hakuna aliyekaa akamuuliza mtoto. Maana hata Bakari, laiti tungemuuliza mapema, alikuwa mgonjwa naye. Sikuwahi kulisema hilo kwa sauti. Nilimkasirikia kwa bangili mpaka anaingia kaburini.

Woga haukunitoka, nisikudanganye. Wiki iliyopita ulipiga chafya mbili pale ukumbini, vumbi la kufagia tu, na moyo wangu ukauliza, alikuwa na nani jana? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini siku hizi nikishtuka nakuuliza tu, "Umekunywa dawa?" Pengine ulidhani ni maneno ya kila siku.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo gumu kuliko yote. Chuo kitafunga mwezi wa nane. Wenzako watarudi makwao. Wewe usije. Mama zao wote watakuwa wanaosha sahani za ziada, na mimi nakwambia usije, mivinje itakuwa imechanua hapa mpaka mtoni, na sina mahali katika nyumba hii pa kukuficha na upepo. Kaa huko kama huko ni salama. Nitakuja mimi. Sijawahi kupita Mombasa, lakini nitauliza njia, nitakuja na mkate wa sinia na achari, na usicheke nitakavyovaa sweta. Nilikufungia usitoke, sasa nakuzuia usiingie, na mara hii ni kwa kukujua.

Chini kabisa ya begi utakuta kufuli, imefungiwa katika kitambaa. Walisema kila mwanafunzi aje na yake ya kufungia sanduku. Babako alitaka kununua mpya, nikamkatalia. Ni ile ile. Nimeitia mafuta, inafunguka vizuri. Funguo zake zote mbili zimo humo. Kwangu sikubakisha hata mmoja.

Mamako.